Kitufe, Mvua na Goti la Bi Pindo

"Gari ni langu, mguu ni wangu, na mvua ni ya Mungu. Sasa wewe, shemeji, hapo kinachokuwasha ni kipi?"

Bi Pindo aliyarusha maneno hayo juu ya ukuta huku amebana pini kwenye pembe ya mdomo, kwa sababu ugomvi ulimkuta kazini na yeye hakuwa mtu wa kuacha kazi kwa ajili ya ugomvi. Upande wa pili alisimama Mzee Polepole juu ya kreti la soda. Ukuta ule ulijengwa na mtu mrefu, naye Mungu hakumpa urefu, kwa hiyo kila akitaka kugombana na jirani ilibidi kwanza atafute kreti. Shavu moja lilikuwa limenyolewa, jingine lina povu. Habari ilikuwa imemfikia katikati ya kunyoa, akashindwa kungoja hata wembe umalize safari.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Siku iliyotangulia Bi Pindo alikwenda kupeleka sare alizoishonea shule moja, nje kidogo ya mji. Wakati wa kurudi mvua ikamkuta barabara kuu, ile mvua ya kumwagwa kwa ndoo. Naye, badala ya kukaza macho na kupunguza mwendo kama binadamu wengine, akaliacha gari lijiendeshe kwa kile kitufe cha usukanini wanachokiita kruzi, ukikibonyeza gari linashika mwendo uliolipa na wewe unaondoa mguu kwenye mafuta. Alipofika nyumbani hakuweza kukaa na raha yake peke yake. Akamsimulia shoga yake Mama Kicheko, mke wa Mzee Polepole, jinsi alivyopita kwenye gharika miguu kaikunja kama mtu aliyekaa kwenye sofa lake anangoja chai.

Kumsimulia Mama Kicheko jambo ni kulibandika kwenye nguzo ya umeme. Usiku kucha aliilalia ile habari kama kuku aliyelalia yai, na asubuhi, mumewe akiwa mbele ya kioo, ikaanguliwa.

Mzee Polepole alikuwa ameendesha mabasi ya masafa tangu kijana mpaka alipoamua kupumzika. Nyuma ya basi lake la mwisho aliandikisha "Mwenda pole hajikwai," na abiria wenye haraka zao wakamtania kwa maneno hayo hadi jina likaganda. Hakulikataa. Alisema abiria wake wote walifika wakiwa na pumzi ya kumtukana, na hiyo kwake ilikuwa sifa tosha.

Juu ya kreti alieleza, na mtaa mzima ulimsikia, kwamba kitufe kile hakina ubaya barabara ikiwa kavu na nyeupe mbele. Lakini kwenye maji ni kipofu. Kimeambiwa mwendo, kitashika mwendo. Tairi likikanyaga lami au likielea juu ya maji, kwacho ni mamoja, kinaendelea kusukuma tu. Na dereva, ambaye ndiye angehisi gari linateleza akapunguza mafuta mapema, mguu wake uko mbali, umekwenda kutembea.

Bi Pindo akamjibu kwamba hilo ni gari la kisasa, lina akili kuliko yale mabasi yake yaliyokuwa yanawashwa kwa kusukumwa.

"Lina akili ya kushika, shemeji," alisema Mzee Polepole. "Halina akili ya kuachia."

Mwenye duka la ng'ambo ya barabara alikuwa ameegemea friji lake, amesahau kumpa mteja chenji. Mama mmoja alikuwa anaanika shuka lilelile kwa mara ya tatu. Bi Pindo aliona hadhira imekolea, na kwa kawaida hadhira ikikolea ndipo yeye hunoga. Lakini siku hiyo alikata maneno kabla hayajaiva. Alisema Jumamosi anamfuata dada yake, jua liwake, mvua inyeshe, na anamfuata mwenyewe kwa mikono yake. Kisha akageuka na kuingia ndani, taratibu, ameshika mlango kwa mkono kama mtu anayeukagua kama umepakwa rangi vizuri.

Hakuwa anaukagua. Alikuwa anaushikilia. Goti lake la kulia lilikuwa linawaka moto.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo, na hakuna aliyelijua. Mama yao alipofariki, Bi Pindo alikuwa bado wa kubebwa, na aliyembeba ni Dada Mkubwa. Aliacha shule, akampikia, akamsuka, akamfundisha kutia uzi kwenye sindano kabla hajajua kuandika jina lake. Sasa Dada Mkubwa alikuwa mzee, yuko peke yake kwenye nyumba kubwa katika mji mwingine, wajukuu wameshatawanyika kila mmoja na maisha yake. Kwa miaka Bi Pindo alimbembeleza aje waishi pamoja. Dada Mkubwa alikuwa na ugonjwa mmoja tu usio na dawa: hapandi gari la mtu asiyemjua. Mtu simjui mama yake, alikuwa akisema, nimpe roho yangu aende nayo kona? Mwezi ule, baada ya mvua kuingia hadi chumbani kwake, ndipo alipokubali. Lakini alitoa sharti. Bi Pindo aje mwenyewe. Akimtuma mtu, mtu huyo atapewa chai, atashukuriwa, na atarudi alikotoka na viti vitupu.

Na mtoto wa kwanza wa Bi Pindo, ambaye ndiye aliyemnunulia gari, naye alikuwa na sharti lake. Siku goti likianza tena visa vyake, mama aseme, atamtafutia dereva. Alikuwa mtoto mwema na alilisema kwa upendo. Lakini piga hesabu mwenyewe: goti likijulikana, dereva anakuja, dereva akija, Dada Mkubwa haji. Kwa hiyo goti halikujulikana. Bi Pindo alilifunga bandeji, akalivalisha gauni refu, na barabarani akabonyeza kitufe ili mguu upumzike. Kitufe ndicho kilichokuwa goti lake la pili. Mtu anayemwambia aache kitufe, hata asipojua, alikuwa anamwambia amwache dada yake.

Alasiri hiyo kicheko kiliingia mlangoni, na nyuma yake akafuata Mama Kicheko mwenyewe, amekuja kuomba radhi kwa kuvujisha siri. Alikuwa amezoea kuomba radhi ya aina hiyo, alijua hata pa kukaa: juu ya marobota ya kitambaa, karibu na dirisha, apate kuona anayepita. Akaanza kueleza kwamba yeye hakusema, neno ndilo lililomtoka. Katikati ya maelezo, macho yake yakashuka chini ya meza ya cherehani, yakatulia hapo.

"Shoga," alisema, "tangu lini unashonea mguu wa kushoto?"

Kanyagio la mashine lilikuwa limehamia kushoto. Bi Pindo alilihamisha kama wiki mbili nyuma, na wateja wote walioingia na kutoka hawakuona kitu. Lakini jicho la Mama Kicheko lilikuwa limekaa kwenye nyumba za watu tangu ujana wake, lilijua kila kitu mahali pake. Bi Pindo alijaribu kusema ni kwa ajili ya mwanga. Mwenziwe akamtazama. Bi Pindo akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto cha pini alichofunga mkononi, halafu akasema yote, goti, mtoto, dada, kitufe.

Akamwapisha. Mama Kicheko akaapa. Alikuwa mwepesi wa kuapa kama alivyokuwa mwepesi wa kusema, na wote wawili walilijua hilo, lakini urafiki una adabu zake.

Jumamosi asubuhi, mawingu yakiwa yamejipanga kama ng'ombe wanaongoja lango lifunguliwe, Bi Pindo alitoka na funguo mkononi akamkuta Mzee Polepole amechuchumaa kando ya gari lake. Amevaa koti na kofia ya zamani ya kazi. Alikuwa anapitisha ukucha kwenye mifereji ya tairi, moja baada ya jingine, kama daktari anayekagua meno ya mtoto.

"Hizi bado zinakula maji," alisema bila kuinua uso. "Zingekuwa zimelika, ningelala mbele ya gari usiondoke."

Kisha akaeleza kwamba kwa bahati, bahati tu, naye anakwenda mji uleule kumjulia hali kondakta wake wa zamani ambaye mgongo unamsumbua. Bi Pindo alimtazama Mama Kicheko, aliyekuwa kwenye geti lake anakagua anga kwa bidii isiyo ya kawaida. Akajua siri imeshavuka ukuta. Angeweza kukasirika. Lakini mtu mzima aliyevaa kofia yake ya kazi mapema vile, akatunga uongo dhaifu kama ule ili tu asimwache jirani peke yake, unamkasirikiaje? Akamfungulia mlango wa mbele, akamwambia apande, ila mdomo wake aufunge mkanda pamoja na kiuno.

Hilo la mdomo lilikuwa limeshapangwa. Mama Kicheko alimtia mumewe mfukoni pakiti ya peremende na kumwekea masharti: usimfundishe mtu kazi kwenye gari lake, ukisikia neno linapanda, tia peremende.

Mwanzo wa safari ulikuwa mzuri. Barabara ilikuwa kavu, pana, magari machache. Bi Pindo alibonyeza kitufe, gari likashika mwendo, mguu ukarudi nyuma ukakunjwa chini ya kiti, na goti likashusha pumzi. Akamtazama jirani yake kwa pembe ya jicho. Mzee Polepole akatikisa kichwa kukubali, akasema hapo ni sawa kabisa, barabara kama hiyo ndiyo kitufe kilitengenezewa, na yeye angekuwa nacho enzi zake asingeota sugu kwenye kisigino. Wakapiga soga. Wakamsema mwenye duka na mizani yake. Wakamsema yule mama wa shuka. Mgongo wa kondakta ukageuka kuwa tumbo, na Bi Pindo akampa pole ya tumbo vilevile.

Kisha matone ya kwanza yakapiga kioo, makubwa, yaliyoachana.

Karatasi ya peremende ikalia.

Bi Pindo akawasha vifuta kioo. Akawasha na taa, maana hilo alilijua. Mguu akauacha ulipo. Alijiambia bado ni manyunyu. Mvua ikakaza. Ikalia karatasi nyingine, na shavu la Mzee Polepole likaanza kuvimba upande ule uliokuwa na povu siku ya ugomvi. Mbele yao lori lilikuwa linarusha maji kila upande. Lami ilikuwa imeanza kung'aa, na pale magari mazito yalipochimba njia za magurudumu, maji yalikuwa yametulia marefu kama vitambaa vilivyotandazwa. Bi Pindo aliyaona. Alimwona pia dada yake amekaa barazani na mizigo yake. Akaliona goti lake likikanyaga mafuta kutoka hapo hadi kule. Akasema moyoni, kidogo tu, tukipita huu mteremko nitakitoa.

Kwenye mteremko gari likaingia kwenye maji, na usukani ukawa mwepesi.

Ndiyo, mwepesi. Aliyewahi kushona satini analijua hilo. Bi Pindo alikuwa na mashine ya umeme yenye kidude pembeni cha kuweka mwendo, na kwenye kaki ya sare hukiweka anavyotaka, mashine ikakimbia yenyewe. Lakini kitambaa cha kuteleza hakishonwi hivyo. Satini inashonwa kwa mguu, unasikiliza kwa unyayo, unakanyaga, unaachia, kwa sababu kuna punje ya wakati ambapo kitambaa kinaacha kushikwa na meno ya mashine, sindano inaendelea kukimbia na kitambaa hakiendi nayo. Mkono unahisi utupu. Usipoachia hapo hapo, nguo imekwisha. Utupu ule ndio alioushika sasa mikononi. Na injini, badala ya kusita, ikapandisha sauti, kama sindano isiyojua kwamba nguo imeshaondoka.

Mguu wake ukaruka kutoka chini ya kiti kutafuta breki. Goti likamchoma.

"Kitufe," alisema Mzee Polepole, polepole kama jina lake. "Breki iache. Kitufe, na usukani unyooshe."

Akabonyeza. Injini ikashuka. Gari likaelea bado kidogo, pua yake inatafuta upande wa mtaro, yeye ameshika usukani hausukumi wala hauvuti, halafu tairi zikaishika lami tena kwa mshtuko mdogo, kama mtu anayepata ngazi gizani. Lori likaenda zake mbele. Mzee Polepole alikuwa amemeza peremende nzima.

Waliingia kwenye kituo cha mafuta kilichofuata, wakasimama chini ya paa, mvua inapiga mabati kama inadai mlango. Bi Pindo alizima gari, akalishika goti kwa mikono miwili.

"Ni goti," alisema.

"Najua, shemeji."

"Najua kwamba unajua. Lakini ilikuwa niseme mwenyewe."

Akasema. Na alipomaliza akafanya jambo ambalo tangu apewe gari lile hakuwahi kulifanya: alitoa funguo akamnyooshea. Amsaidie kuendesha yeye mpaka kwa dada, kisha mbele ya nyumba wabadilishane viti.

Mzee Polepole alizitazama zile funguo kwa hamu, kama mtu anayetazama sahani na ameshakatazwa chumvi. Akafungua peremende, ingawa safari hii hakukuwa na neno la kuzuia. Kulikuwa na neno la kutoa, nalo lilikuwa gumu zaidi. Alimwambia hawezi. Mvua ikipiga kioo, taa za magari kwake zinachanua kama maua, haoni tena barabara inaishia wapi. Hakuacha kazi kwa sababu ya kuchoka, kama alivyouambia mtaa. Aliacha siku alipogundua kwamba anaendesha kwa kukumbuka njia, si kwa kuiona. Hakumwambia mtu. Ni mkewe tu anayejua.

Bi Pindo aligeuka mwili mzima.

"Mama Kicheko anajua?"

"Tangu siku ileile."

"Mama Kicheko huyu huyu? Miaka yote hii?"

"Hata mama yake mzazi hakumwambia."

Bi Pindo alilipima hilo. Macho ya Mzee Polepole hayakumshangaza sana, macho ni macho, yanachoka. Lakini mwanamke aliyeshindwa kukaa na habari ya kitufe usiku mmoja alikuwa amekaa na hii miaka na miaka, anacheka nayo, anaomba radhi za mambo madogo madogo nayo, na haijawahi kumtoka hata chembe. Kumbe mdomo ule ulikuwa na kufuli. Ni vile tu kufuli lilikuwa moja, na alilitumia kwa mumewe. Na la goti, akafikiri, halikumponyoka tu mdomoni. Alilisema kwa sababu alitaka mtu apande gari hili.

"Basi hapa tuko wawili," alisema mwishowe, "na dereva mmoja mzima hatutimii."

Mzee Polepole akaanza kucheka, naye akafuata, wakacheka hadi mhudumu wa mafuta akaja kuuliza kama wanahitaji msaada.

Kicheko kilipoisha wakapanga. Bi Pindo ana macho na mguu mmoja na nusu, mzee ana masikio na subira. Mvua ikiwa kubwa, wanasimama. Mvua ikiwa ya kawaida, mguu unakuwa kwenye mafuta, mwendo unakuwa wa kinyonga, na aliye mbele anaachiwa nafasi ya kutosha basi zima kuingia. Goti likiuma, wanasimama. Barabara ikikauka kabisa, kitufe, goti lipumzike. Bi Pindo akauliza, na dada je, atangoja mpaka lini? Mzee Polepole akamjibu kwamba miguu haijawahi kuwa shida ya madereva aliowafahamu. Shida yao ilikuwa haraka.

Walifika wamechelewa sana. Dada Mkubwa alikuwa barazani, amekaa juu ya begi lake na kukumbatia mto wake wa kulalia, kwa kuwa hakuamini mito ya watu. Alimkagua mdogo wake kutoka juu hadi chini, akamkagua na mwanamume mwenye kofia, akauliza huyu ni nani. Bi Pindo angeweza kupita hapo kwa maneno mawili matatu. Wanawake wa mtaani kwao hawakosi maneno. Lakini alikuwa ameushika ule utupu mikononi, na hakutaka kumpakia dada yake kwenye gari pamoja na uongo. Akamwambia huyu ni shemeji yetu, jirani yangu, na nimekuja naye kwa sababu hii. Akainua gauni, akamwonyesha bandeji. Akamwambia na la kitufe, na la maji, na la mwanawe na dereva wake, na kwamba kurudi itakuwa ni kusimama na kwenda, kusimama na kwenda, na kwamba akitaka kubaki hatamlaumu.

Dada Mkubwa aliitazama bandeji. Akasema imefungwa vibaya. Akainama, akaifungua, akaanza kuifunga upya pale pale barazani, kama zamani.

"Ulipokuwa mdogo tukitumwa sokoni ulikuwa unakaa chini kila tukipita mti," alisema, akikaza fundo. "Unakaa, unasema miguu imekataa. Na mimi nakaa na wewe. Hebu niambie, sokoni tulikuwa tunafika au hatufiki?"

"Tulikuwa tunafika, dada."

"Tumechelewa?"

"Kila siku."

"Basi twende. Na huyo mwanao nitaongea naye mimi. Kama ni dereva wa siku za goti, atamtafuta mtu tunayemjua mama yake."

Akakaa mbele, mto mapajani. Mzee Polepole akahamia nyuma katikati ya mabegi, akasahau kabisa kwamba alikuwa na kondakta wa kumjulia hali, na hakuna aliyemkumbusha.

Kurudi kulikuwa safari ya wazee watatu wenye vituo vingi. Walisimama kwa ajili ya goti, wakasimama kwa ajili ya mvua, wakasimama mara moja kwa ajili ya Dada Mkubwa tu, aliyetaka kuona kama mlango wake unafunguka. Katikati jua lilitoka, upepo ukaikausha lami, na Bi Pindo akabonyeza kitufe. Dada Mkubwa akaona mguu unarudi nyuma, akauliza kwa sauti ya chini gari linaendeshwa na nani sasa. Akaelezwa. Akasema sawa, ila huyo naye hamjui mama yake.

Mbele kidogo mawingu yakajikusanya tena. Bado lilikuwa halijadondoka hata tone. Bi Pindo akabonyeza kitufe kukitoa, mguu ukarudi kazini, goti likalalamika kidogo na kunyamaza. Nyuma, katikati ya mabegi, akaisikia karatasi ya peremende ikikunjwa na kurudishwa kwenye pakiti.

Giza lilikuwa linaingia walipofika. Nyumba ya Bi Pindo ilikuwa imewashwa taa zote, na kelele zake zilisikika kutoka kona ya mtaa. Mama Kicheko alikuwa ameingia na ufunguo wa akiba, akahamishia huko masufuria yake yote, akaita na watu: mwenye duka alikuwemo, na yule mama wa shuka, na wengine waliokuja kuhakikisha kama kweli wamefika salama au waanze kusikitika. Bi Pindo alipomwona alimkumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida, hakumwambia ni kwa nini, na Mama Kicheko, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakuuliza.

Mizigo ikashushwa. Mto ukatangulia chumbani. Mzee Polepole alisimama kwenye geti, kofia mkononi. Sasa kwa kuwa safari imekwisha alikumbuka kwamba yeye na jirani yake bado wana ugomvi wa ukutani usiomalizika, na mtaa mzima uko ndani ukingoja kujua nani alishinda. Aliona aibu ya mtu aliyekuwa sahihi. Akaanza kujivuta kuelekea kwake, nyumba ambayo ilikuwa giza tupu na jiko lake limepoa.

Bi Pindo alimwona, akafungua mdomo amwite. Lakini sauti ilitoka nyuma yake, mlangoni, ya mtu aliyekuwa ameshavua viatu vya safari, amejifunga kitenge kiunoni na kushika upawa wa jikoni.

"Wewe shemeji wa peremende," alisema Dada Mkubwa, "huko unakokwenda kumewashwa moto? Hii ni nyumba yetu, nawe umetufikisha. Pita ndani ukae, tule."